Nebula hafifu juu ya Nakuru: jinsi ya kuzipiga picha bila Nyota ya Kaskazini

Karibu kila mwongozo wa kupiga picha za anga huanza kwa agizo moja: itafute Nyota ya Kaskazini, uelekeze hapo mhimili wa traka, yaani kifaa kinachoizungusha kamera polepole ili ifuate mwendo wa nyota. Ukiwa Nakuru agizo hilo halikufikishi popote. Tuko digrii 0.3 tu kusini mwa Ikweta, kwa hiyo Nyota ya Kaskazini imelala kwenye upeo wa macho, nyuma ya vilima, vumbi na moshi wa jioni. Wengi ninaowajua walikwama hapo, wakauza traka zao na kurudi kupiga harusi.

Ninaandika haya kwa sababu Ikweta hiyo hiyo inatupa kitu ambacho wenzetu wa Ulaya hawana. Mhimili wetu unalala sawasawa chini, kama sakafu. Mtu mwenye pimamaji ya fundi, kamba na fimbo anaweza kuutega kwa usahihi wa kutosha kupiga sekunde 90 kwa lenzi ya milimita 135, na nyota zikabaki vidoa.

Chagua nebula moja na msimu wake

Nebula ni wingu la gesi na vumbi lililo kati ya nyota. Zingine hung'aa zenyewe kwa wekundu wa haidrojeni, zingine huakisi nuru ya nyota jirani na kuonekana za samawati, na zingine ni vumbi jeusi linaloonekana tu kwa kuwa limeziba mwanga ulio nyuma yake.

Anza na Jabari, kundi ambalo programu za simu huliita Orion. Januari na Februari ni kiangazi kwetu, na Jabari huwa tayari amepanda mashariki giza linapoingia. Kwenye upanga wake kuna M42, nebula inayoonekana hata bila kamera kama doa la ukungu, umbali wa takriban miaka ya nuru 1,340. Hiyo ni rahisi. Hafifu ziko jirani: kusini mwa Alnitak, nyota ya mashariki ya mshipi wake, kuna Kichwa cha Farasi, na upande wa mashariki wa kundi hilo kuna Tao la Barnard, nusu duara kubwa jekundu ambalo macho hayalioni kabisa. Kichwa cha Farasi kiligunduliwa mwaka 1888 na Williamina Fleming, naye hakuwa ameinamia darubini. Alikuwa akikagua bamba la picha katika kituo cha uangalizi cha Harvard. Tangu mwanzo, nebula hiyo imekuwa kitu cha picha.

Kuanzia Juni hadi Agosti, hamia Mshale (Sagittarius) na Nge (Scorpius), penye nebula za M8, M20 na M17 zilizokaribiana. Katikati, mwezi Machi na Aprili, kuna Nebula ya Carina upande wa kundinyota la Salibu. Ni kubwa na nzuri kuliko M42, lakini kutoka hapa haipandi zaidi ya digrii 30 hivi, na mvua za masika humeza usiku mwingi. Wazee wa pwani, wakitazama kishada cha nyota kiitwacho Kilimia, husema Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Mpiga picha wa anga naye hana budi kuishi kwa kalenda ya namna hiyo.

Tafuta wiki ambayo mwezi unaandama. Mwezi mpevu hufuta nebula hafifu kabisa, na hakuna filta ya bei nafuu itakayokuokoa. Giza kamili huingia kati ya saa moja unusu na saa mbili usiku kutegemea mwezi wa mwaka, kisha una karibu saa kumi za kupiga. Sisi hatuna usiku mfupi wa kiangazi kama wa Uingereza.

Vifaa, na traka unayoweza kutengenezewa na seremala

Kamera yoyote inayobadilishwa lenzi inatosha, hata ya mtumba. Kamera ya kawaida ina filta mbele ya sensa inayozuia sehemu kubwa ya nuru ya haidrojeni, ile yenye urefu wa mawimbi wa nanomita 656.3. Ndiyo sababu Tao la Barnard hutoka dhaifu. Kuna watu huitoa filta hiyo, lakini usianze huko. Piga msimu mzima kwa kamera ilivyo kwanza.

Lenzi ya milimita 50 inalimeza Jabari lote. Ya 135 inachukua mshipi na upanga pamoja, nayo ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Lenzi za zamani za kuzungushwa kwa mkono ni bora kuliko zile za mota, kwa sababu fokasi haihami yenyewe.

Unahitaji traka kwa sababu anga huzunguka sekunde 15 za tao kila sekunde moja ya saa. Kwa lenzi ya 135 na kamera yenye pikseli za mikroni 3.7 hivi, nyota inahama zaidi ya pikseli mbili na nusu kila sekunde. Tena Jabari yuko juu ya ikweta ya anga, mahali nyota zinapokwenda kasi zaidi. Ukinunua traka, muulize muuzaji swali moja kabla ya kutoa pesa: kabari yake, yaani kiegemeo kinachoinamisha mhimili, inashuka hadi digrii sifuri? Baadhi zimetengenezwa kwa ajili ya nchi za kaskazini na hukwama digrii 15 au 20. Ikikwama, itabidi uegemeze mguu mmoja wa tripodi kwenye jiwe, na hapo umepoteza uthabiti.

Kama pesa haitoshi, mwendee seremala. Mbao mbili zenye unene wa sentimita mbili, bawaba moja ngumu isiyocheza, na bolti ya milimita 6 ambayo uzi wake unasogea milimita moja kwa kila mzunguko. Toka katikati ya pini ya bawaba, pima milimita 228.6, toboa ubao wa chini hapo na upachike nati. Ukiizungusha bolti mara moja kwa dakika, ubao wa juu unafunguka kwa kasi ile ile ya anga. Huko Ulaya kifaa hiki huinamishwa nusu ya njia kuelekea mbinguni, na uzito wa kamera unakivuta. Kwetu kinalala bapa mezani kama kitabu: bawaba upande wa magharibi, sambamba na mstari wa kaskazini–kusini, bolti upande wa mashariki ikiusukuma ubao juu. Zungusha robo kila sekunde 15 ukitazama saa ya simu. Kwa lenzi ya 50 na fremu za sekunde 30 nimepata nyota safi kabisa, na kazi yenyewe inatuliza moyo.

Ongeza tripodi nzito, pawabenki mbili, rimoti ya shata, na tochi uliyoifunika kwa nailoni nyekundu ili macho yasipoteze mazoea ya giza.

Mahali, na wenye mahali

Ndani ya mji taa za mulika mwizi zimejaa kila mtaa. Kutoka Lanet unaweza kufanya mazoezi na M42, basi. Mimi huelekea Solai, au nikiwa na usafiri nateremka hadi Mogotio, kama kilomita 40 barabara ya Marigat, ambako kuna ishara ya Ikweta, hewa ni kavu zaidi, na taa za Nakuru zimebaki nyuma upande wa kusini. Aliye Kisumu ana kibarua kigumu zaidi, kwa maana ziwa huzaa ngurumo usiku. Apande juu upande wa Maseno, na akiona radi magharibi aanze kufunga mizigo mapema.

Usiingie shamba la mtu kimya kimya. Tripodi ikisimama shambani inafanana mno na ya wapima ardhi, na kwetu jambo la ardhi si la mchezo. Usiku wangu wa pili Solai, mzee mwenye shamba alifika na vijana wawili.

"Nani amewatuma kupima hapa?"

"Hakuna aliyetutuma, mzee. Tunapiga picha za nyota. Njoo uone."

Akainama kwenye kioo cha kamera, akaiona M42 ya zambarau aliyoitazama juu ya paa lake maisha yake yote bila kujua kuna rangi pale. Alikaa nasi hadi saa sita. Tangu siku hiyo huwa nampigia simu asubuhi kabla sijaenda, na mtu mmoja wa nyumba kumi hujua nilipo. Nenda na mwenzako, kila mara.

Kuutega mhimili

Hapa ndipo usiku unapopatikana au kupotea, kwa hiyo soma polepole.

Mhimili wa traka unatakiwa uwe sambamba na mhimili wa dunia. Kwetu maana yake ni mambo mawili tu: ulale bapa, na uelekee kaskazini halisi au kusini halisi. La kwanza ni kazi ya pimamaji. Sawazisha tripodi, shusha kabari hadi sifuri, kisha weka pimamaji juu ya mwili wa traka wenyewe, usiamini namba zilizochorwa kwenye kabari. Zile digrii 0.3 za Nakuru ni ndogo kiasi kwamba utazirekebisha baadaye kwa nyota.

La pili ni gumu kidogo. Dira ya simu inadanganywa na bodi ya gari, na mabati, na hata miguu ya chuma ya tripodi. Ukiwa mahali pageni, simama mita tano kutoka kwenye chuma chochote, pima mara tatu, chukua wastani. Tofauti kati ya kaskazini ya dira na kaskazini halisi huku kwetu ni ndogo, karibu digrii moja.

Kwenye uwanja unaoutumia kila mara, acha dira kabisa na utumie jua. Simamisha fimbo nyofu ya mita moja kwa timazi kwenye ardhi iliyosawazishwa. Saa nne na nusu asubuhi, weka kijiti pale ncha ya kivuli ilipofika. Funga kamba kwenye kitako cha fimbo, ivute hadi kwenye kijiti, uchore duara. Kivuli kitafupika mpaka adhuhuri ya jua, ambayo Nakuru huja kwa wastani saa sita na dakika 36, kwa kuwa saa zetu hufuata mstari wa digrii 45 mashariki ilhali sisi tuko kwenye 36. Kisha kitaanza kurefuka upande wa pili. Alasiri, ncha yake itakapoligusa duara tena, weka kijiti cha pili. Mstari unaoviunganisha vijiti hivyo ni mashariki–magharibi. Pigia mstari huo pembe mraba kwa skweya ya fundi, nawe umepata kaskazini halisi bila saa na bila sumaku. Solai nimezika mawe mawili yaliyopakwa chokaa kwenye mstari huo, mita nne moja kutoka kwa jingine. Nikifika gizani navuta kamba kati yake na kuilaza traka juu ya kamba, kazi ya dakika tatu.

Sasa uamue mhimili utazame upande gani. Kwa nebula za kusini kama Carina, uelekeze kusini, la sivyo kamera italazimika kutazama nyuma kupitia mwili wa traka yenyewe. Kwa za kaskazini, uelekeze kaskazini. Kwa Jabari, popote. Lakini ukigeuza mhimili, geuza na swichi ya N na S. Nilipoteza usiku mzima wa Februari, anga safi kuliko nilivyowahi kuiona, kwa sababu mhimili ulitazama kusini na swichi ilikuwa kwenye N. Traka ilizunguka kinyume, na kila nyota ikatoka mstari mrefu maradufu. Siku hizi, nikiona mistari mirefu kuliko ile ya kamera isiyo na traka kabisa, najua jibu kabla sijashika tochi.

Baada ya hapo, jaribu kwa nyota. Mintaka, nyota ya magharibi ya mshipi wa Jabari, ni zawadi kwa watu wa Nakuru: hupita karibu kabisa utosini mwetu. Ikiwa juu, ielekezee lenzi. Zima traka kwa sekunde kumi uone nyota inakimbilia upande gani kwenye kioo, kisha zungusha kamera hadi mwendo huo ulingane na ukingo mrefu wa picha. Huo ni mstari wa mashariki–magharibi. Washa traka, piga fremu moja fupi, subiri dakika tano, piga nyingine, ulinganishe mahali Mintaka ilipo. Mhamo wa mashariki–magharibi ni wa mota, uache. Unaotafuta ni wa kaskazini–kusini. Ikiwa nyota imehamia kusini, ncha ya kaskazini ya mhimili imeegemea mashariki mno, isogeze magharibi kidogo. Ikihamia kaskazini, fanya kinyume. Rudia mpaka isihame.

Kisha chukua nyota iliyo chini upande wa mashariki. Ikihamia kusini, ncha ya kaskazini iko chini mno. Ikihamia kaskazini, iko juu mno. Nimeandika sheria zote mbili kwa kuitaja ncha ya kaskazini tu, hata kama traka yako inatazama kusini, kwa sababu ukianza kugeuza maneno kichwani saa tano usiku utakosea.

Unahitaji usahihi kiasi gani? Kosa la digrii moja huihamisha nyota kwa sekunde 16 hivi za tao kila dakika, yaani karibu pikseli tatu kwa lenzi ya 135. Ukifika nusu digrii, anza kupiga. Ukifika robo, shukuru.

Fokasi

Elekeza kwenye Shira, nyota ing'aayo kuliko zote, kuza picha mara kumi kwenye kioo, zungusha mpaka iwe ndogo kabisa, kisha funga pete kwa selotepu. Kagua tena baada ya kila saa moja, maana baridi husinyaza lenzi. Usiku wa Solai joto huporomoka upesi baada ya jua kuzama.

Kupiga

Mipangilio yangu ya Mogotio: tundu la lenzi f/2.8, libanwe hadi f/4 kama pembe za picha zinachafuka, ISO 800, sekunde 90, faili za RAW. Tazama histogramu, ule mchoro wa mwangaza kwenye kioo cha kamera: kilima chake kiwe kimeachana na ukuta wa kushoto, karibu robo ya njia. Kikiwa kimegandamana na ukuta, nuru ya nebula imezama kwenye kelele za sensa, ongeza muda. Kikivuka katikati, taa za mji zimekushinda, punguza.

Fremu moja ya Kichwa cha Farasi haionyeshi karibu chochote, na hapo wengi hukata tamaa. Wekundu upo, ila ni dhaifu kuliko chengachenga za kelele. Ukiunganisha fremu nne, kelele hupungua nusu. Ukiunganisha 100, hupungua mara kumi. Fremu 80 za sekunde 90 ni saa mbili kamili, na hicho ndicho kiwango changu cha chini kwa usiku mmoja. Usirukeruke kati ya nebula tano. Kaa na moja. Kila baada ya fremu kumi, isogeze kamera kidogo sana, ili madoa ya sensa yasianguke mahali pale pale kila mara. Kwa M42 ongeza fremu ishirini za sekunde kumi, kwa sababu moyo wake unang'aa kiasi cha kuungua.

Umande ndio adui wa saa saba usiku. Huja bila sauti: nyota zinavimba, halafu zinapata duara la ukungu, na kufikia hapo umeshapoteza fremu thelathini. Kata kipande cha godoro jembamba la sponji, kizungushe lenzi kama bomba refu la kivuli, na ndani yake funga mkanda wa joto unaotumia pawabenki. Usiifute lenzi kwa leso. Ipashe joto polepole mpaka ikauke yenyewe.

Fremu za kusahihisha, kabla hujalala

Huku ukifungasha, funika lenzi na upige fremu 20 za giza kwa muda na ISO zile zile, kamera ikiwa bado nje kwenye baridi ile ile. Kukipambazuka, tandaza fulana nyeupe mbele ya lenzi bila kugusa fokasi, elekeza anga lililo wazi, upige 20 nyingine za mwangaza sawa. Hizi huondoa vivuli vya vumbi na giza la pembeni. Vumbi la barabara ya Solai huingia kila mahali, kwa hiyo bila fremu hizi utakuwa na madoa ya mviringo juu ya Tao la Barnard.

Kuunganisha kwenye kompyuta

Programu za Siril na DeepSkyStacker ni za bure, na kompyuta ya kawaida inaziweza, ingawa itachukua muda. Pitia fremu moja moja kwanza, utupe zenye wingu, ndege au nyota zilizonyooka. Iachie programu kazi ya kulinganisha na kuunganisha, kisha ondoa mteremko wa mwanga wa mji kabla ya kugusa kitu kingine. Baadaye nyoosha mwangaza kwa hatua ndogo ndogo. Ukiharakisha, nyota zote zinageuka nyeupe na wekundu unakatika kama rangi iliyomwagwa. Usiifanye anga kuwa nyeusi tii: nebula hafifu inaishi kwenye kijivu cha chini kabisa, na ukiikata hapo umefuta saa zako mbili.

Hifadhi faili zote, pamoja na fremu za giza, kwenye folda yenye tarehe, mahali, lenzi na muda wa kila fremu. Wiki ya mwezi mwandamo ijayo rudi kwenye mawe yako ya chokaa, weka lenzi ile ile, uelekeze pale pale, na uziongeze fremu mpya juu ya zile za kwanza. Kichwa cha Farasi nilicho nacho sasa kina fremu 240 za usiku tatu, na shingo yake ilianza kujitenga na wekundu ulio nyuma katika usiku wa tatu.